Tanga la Mbele na Kamba ya Pazia

Mdogo wangu wa kiume si mwizi. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku ya mashindano mkewe alimwita mwizi mbele ya halaiki ya watu, watu wakacheka, na mimi dada yake wa tumbo moja nikacheka kuliko wote.

Pale ufukweni kila mtu alimwita Nahodha. Alikuwa na katamarani ndogo, ile aina ya kusukumwa juu ya mchanga: matumbo mawili membamba kama maganda ya maharage, yameunganishwa kwa vyuma, na katikati limekazwa turubai la kukalia. Haina chumba, haina paa, haina hata pa kuweka kiatu. Unakaa juu ya turubai, maji yanakuchapa usoni, basi. Ina tanga kubwa nyuma na tanga dogo mbele. Anayekaa nyuma hushika usukani na kamba ya tanga kubwa. Anayekaa mbele hushika kamba za lile tanga dogo, ya kulia na ya kushoto, ambazo wenyewe huziita demani. Miaka nenda miaka rudi, wa nyuma alikuwa Nahodha na wa mbele alikuwa mkewe, yaani wifi yangu.

Wifi ni fundi wa mapazia. Ni mwanamke mkavu wa mwili, mwepesi wa mikono, na maneno yake huyapima kama kitambaa: hakati kabla hajahakikisha. Nahodha akishinda, na alishinda mara nyingi, watu walimzunguka kumpa mkono. Naye angemvuta mkewe begani na kusema, "Na huyu ndiye mzigo wangu! Bila mzigo chombo kinapeperuka." Watu wangeangua kicheko. Wifi naye angecheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Halafu Nahodha akaumia goti. Usidhani aliumia majini akipambana na dhoruba. Alianguka kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, amebeba godoro, hakuona mbele. Akapasuliwa, akafungwa bandeji kutoka pajani hadi ugokoni, akapewa magongo mawili na onyo kali la daktari. Mashindano makubwa ya mwaka yakawa yanakaribia, naye yuko kwenye kochi, mguu juu ya stuli, anamnunia kila anayepita akitembea vizuri.

Jioni moja nilikwenda kumjulia hali. Mimi ni mwokaji mikate, kwa hiyo siendi kwa mtu mikono mitupu. Tulikuwa mezani, mkate wangu umeshakatwa, wifi akasema kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Mashindanoni nitakwenda mimi."

"Utakwenda kuangalia?" Nahodha akauliza.

"Nitakwenda kushindana. Nitashika usukani."

Nahodha alicheka hadi gongo moja likaanguka sakafuni. Alipoona hakuna anayecheka pamoja naye, akanyamaza. "Na kamba za mbele atashika nani?"

Wifi akanigeukia. Mimi nilikuwa nimejaza mkate mdomoni.

"Wifi atashika."

Wallahi sikuwa nimeambiwa chochote. Chombo kile nilikipanda mara moja tu maishani, na safari nzima nilitapika na kutubu kwa zamu. Nilikuwa najiandaa kukataa kwa adabu. Lakini mdogo wangu akaniangalia kuanzia kichwani, akateremka taratibu hadi miguuni, akasema:

"Dada? Huyu? Chombo kitazama kabla hakijasukumwa."

Nilimeza mkate wangu. "Nitashika," nikasema.

"Dada, usimsikilize huyu. Hajui hata kufunga hizo kamba. Nafunga mimi siku zote. Yeye kazi yake kuvuta anapoambiwa vuta, na kuachia anapoambiwa achia."

Wifi alikuwa anakusanya sahani. Akasimama nazo mkononi. "Lini uliniambia achia?" akamuuliza. Nahodha hakuelewa swali, nami sikulielewa. Wifi akaingia jikoni.

Siku moja kabla ya mashindano, saa za mchana, nikiwa kiwandani kwangu nakanda unga, wifi aliingia kwa mlango wa nyuma. Hakupiga hodi. Uso wake ulikuwa umetulia kupita kiasi, na mimi nikajua kuna jambo.

"Mdogo wako ameniibia."

Alikuwa ametoka kwenye banda la klabu kukagua chombo. Tanga kubwa lipo, dogo lipo, usukani upo, majaketi ya kuelea yapo. Kamba za demani hazipo. Kapi za kupitishia kamba zimebaki tupu, zimekodoa macho. Mlinzi wa banda alimwambia kwamba Nahodha alikuja na teksi asubuhi, akachechemea hadi kwenye chombo, akaondoka na mfuko.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Amesema, 'Chombo kisicho na demani hakiendi popote. Nimekuokoa.'"

"Basi tukanunue nyingine."

Duka la vifaa vya vyombo lilikuwa mji mwingine, na siku hiyo halifunguliwi. Wifi alikuwa ameshawapigia simu wenye vyombo wote awaombe za kuazima, na wote walimjibu jibu moja, kana kwamba walifundishwa darasa moja: ongea na mumeo kwanza. Mwenyekiti wa klabu, ambaye naye ni mshindani na ana katamarani yake, alimwambia kwa upole ule wa kumwambia mtoto: "Shemeji, ya ndani malizeni ndani."

Wifi alichukua kibonge cha unga mezani kwangu, akakifinya hadi kikatokea kati ya vidole. "Miaka yote hiyo nimekaa mbele," akasema. "Mawimbi yote yamepiga uso wangu kwanza, yeye nyuma yangu mkavu. Leo niambiwe niongee na mume wangu kwanza? Ng'o! Wifi, kesho alfajiri upo ufukweni au hupo?"

"Nipo."

"Njoo na zile glovu zako za tanuri."

Kulipopambazuka nilimkuta ameshasimamisha mlingoti na kupandisha tanga dogo, likipigapiga kwa upepo mwanana wa asubuhi. Mchangani kulikuwa na bunda la kamba nyeupe. Niliitambua mara moja. Ni ile kamba anayoitumia kwenye mapazia makubwa ya kumbi, yale ya kufunguliwa kwa kuvutwa kutoka pembeni. Ni nyembamba, ngumu, na inateleza kama kambare.

"Hii itatosha nguvu?" nikauliza.

"Inavuta pazia la ukumbi mzima kila siku."

"Pazia halina upepo, wifi."

"Ndiyo maana nimekuleta wewe."

Kikwazo cha kwanza ni kwamba mdogo wangu hakusema uongo: mkewe hajawahi kuzifunga. Alikuwa akifika anazikuta zimeshafungwa, anakaa, anavuta. Vyombo vya jirani vilikuwa vya muundo mwingine, havikuweza kutusaidia, na hata vingeweza, sidhani kama angekubali kuonekana anachungulia. Alichofanya nilikiona cha ajabu. Alipanda juu ya turubai, akakaa mahali pake pale pale pa siku zote, magoti yamekunjwa, akafumba macho. Akanyoosha mikono, akaanza kuvuta kamba isiyokuwepo.

"Inatokea hapa," akasema, macho bado kayafumba, kiganja kikiwa usawa wa goti la kushoto. "Inatoka chini, haitoki juu. Na nikivuta, naivuta huku, kwenda katikati. Kwa hiyo kabla ya kufika kwangu imeshapita kwenye meno. Wifi, tafuta chuma chenye meno, kiko pembeni ya turubai."

Nikakitafuta, nikakipata: kibanio kidogo chenye taya mbili za meno, cha kung'ata kamba isirudi. Mbele yake tu kulikuwa na kapi.

"Sasa kona ya tanga. Nilikuwa nasikia kapi inalia pale juu, kwii, kwii, kila nikivuta. Kwa hiyo kamba inapanda, inazunguka pale, inashuka tena."

Hivyo hivyo, akiuliza mikono yake na mikono ikimjibu, tuliijenga ile njia. Kamba tuliifunga fundo pembeni kushoto, tukaipandisha hadi kwenye kapi iliyo kwenye kona ya tanga, tukaishusha hadi kapi ya chini, tukaipitisha kwenye meno, tukaivusha juu ya turubai mbele ya magoti yangu hadi upande wa pili. Kule ikapita kwenye meno ya kulia, kwenye kapi, ikapanda kwenye tanga, ikashuka, fundo. Ndipo nikagundua kwamba kumbe demani mbili ni kamba moja. Ukivuta kulia, kushoto kunalegea. Ukivuta kushoto, kulia kunalegea. Nikamwambia wifi kwamba inafanana na ndoa. Akasema nikaze fundo, niache falsafa.

Tulipojaribu kuibana, tukapata kikwazo cha pili. Meno ya kibanio yalitengenezewa kamba nene ya Nahodha. Hii ya pazia ilipita katikati yake kama uzi kwenye tundu la sindano ya gunia. Ukivuta inakuja, ukiachia inarudi yote.

Wifi alijaribu kuikunja mara mbili, haikupita kwenye kapi. Akaipaka mchanga, ikateleza. Akarudi nyuma, mikono kiunoni.

"Basi meno ni wewe," akaniambia.

"Mimi?"

"Utaishika kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Huwezi kuipumzisha popote. Utaweza?"

Nikamwonyesha mikono yangu. Kila siku ya Mungu nakanda unga kabla watu hawajaamka, na mashine ikiharibika nakanda wote kwa hii mikono. Nikavaa glovu zangu za ngozi, zile za kutolea trei za moto, nikaizungusha kamba kwenye kiganja. "Leta huo upepo," nikasema, na sauti yangu ilikuwa shujaa kuliko tumbo langu.

Watu walikuwa wameanza kujaa. Vyombo vilipangwa ufukweni, matanga yakipigapiga, watu wakipakana mafuta ya jua mgongoni. Mwenyekiti alikuja na kofia yake nyeupe, akatutazama, akaitazama kamba.

"Shemeji, hii si ya mapazia?"

"Ni ya mapazia."

"Na chombo kimeandikishwa kwa jina la Nahodha. Itabidi nimpigie, nijue kama ameridhia."

"Usimpigie yeye. Mwenye chombo umesimama naye," wifi akasema. "Nusu ya chombo hiki ni mapazia. Nimeshona usiku na mchana ndiyo kikanunuliwa. Kama unataka kuzuia, zuia nusu ya Nahodha. Nusu yangu inaondoka."

Ndipo teksi ikasimama barabarani, na Nahodha akashuka na magongo yake, anazama mchangani kila hatua, jasho linamtiririka. Shingoni alikuwa amejitundika mfuko. Watu wakampisha. Alipotufikia, akatoa kwenye mfuko zile demani, nene, za bluu, zimekunjwa vizuri kabisa.

"Haya. Zichukueni," akasema huku anahema.

Moyo wangu ulilainika. Nilidhani mdogo wangu amerudiwa na akili. Lakini hakuwa amemaliza.

"Nimeongea na mwenyekiti kwa simu. Mpwa wake atashika usukani, ni mzoefu. Wewe kaa mbele mahali pako. Dada apumzike. Hivyo kila mtu ataridhika."

Watu wakasogea karibu wasikie. Hata matanga naona yalipunguza kelele. Mwenyekiti, aliyejifanya hajampigia, akaanza kuchunguza vidole vyake vya miguu. Wifi alizitazama zile kamba za bluu mikononi mwa mumewe. Alizihitaji, hilo kila mtu aliliona.

"Kaa nazo," akasema.

"Nini?"

"Nimesema kaa nazo. Kamba ya kupewa kwa sharti ni ya kufungiwa."

"Utazama na hizo nyuzi zako!"

"Nitazama na nyuzi zangu."

Mdogo wangu akageuka kuondoka, gongo likazama, akageuka tena. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye upande wa kushoto wa chombo, na nikaona anapigana na kitu ndani yake. Hatimaye kikamshinda.

"Umepitisha nje ya waya!" akafoka. "Waya unaoshikilia mlingoti! Kamba inapita ndani ya waya, haipiti nje! Ukivuta hivyo tanga halitaingia!"

Tukatazama wote. Kweli bwana. Upande wa kushoto tulikuwa tumeipitisha nje. Nilitegemea wifi ataona aibu, au atakaidi aiache hivyo hivyo. Hakufanya hata kimoja. Alifungua fundo, akaichomoa kamba, akaipitisha ndani, akafunga upya, akavuta mara mbili kujaribu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Kwa hilo, ahsante. Kwa hayo mengine, hapana. Mwizi wa kamba huyu!"

Hapo ndipo watu walipocheka, nami nikacheka. Nikasukuma upande wangu, wifi akasukuma wake, mchanga ukatuachia, tukawa majini.

Nisitie chumvi: mwanzo ulikuwa balaa. Kipenga kilipolia sisi tulikuwa tumeangalia upande mwingine. Nilivuta alipotaka niachie, nikaachia alipotaka nivute, tanga likanizaba kofi la sikio. Vyombo vyote vilikuwa mbele yetu. Wifi hakunifokea hata mara moja. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya kupimia kitambaa, "Vuta kidogo. Bado. Hapo. Shika hapo hapo." Nami nikashika. Kamba ilinibana viganja ndani ya ngozi ya glovu, mabega yakaanza kuwaka, lakini lile tanga dogo likatulia, likajaa, na chombo kikainua tumbo moja kutoka majini, kikaanza kukimbia. Nilipiga kelele. Sijui kama zilikuwa za hofu au za furaha, lakini sikutapika.

Boya la kuzungukia lilikuwa mbele kabisa, kule upepo unakotoka, na upepo hauendewi moja kwa moja. Unakwenda mshazari, unageuza, unakwenda mshazari wa upande mwingine. Na katamarani, nikaja kujua, haipendi kugeuka. Pua ikifika katikati ya upepo hugoma pale pale kama punda, matanga yakapigapiga, na wewe ukaanza kurudi kinyumenyume mbele za watu.

"Wifi, sikiliza," akasema. "Nikisema nageuza, mikono yako itataka kuachia. Usiachie. Tanga litageuka kinyume, litajaa upepo upande usio wake, litaisukuma pua. Wewe shikilia tu. Pua ikishavuka, ndipo uachie hii na uvute ile. Ukiwahi, tumekwama."

"Nitajuaje imevuka?"

"Nitakwambia."

"Wewe alikuwa anakwambia nani?"

Alikuwa anatazama boya. "Hakuna," akasema. "Nageuza!"

Usukani ukaenda. Pua ikaja, ikaja, ikasita. Tanga la mbele likabinuka, likajaa kinyume, kamba ikavuta mikono yangu kama mbuzi anayetoroka. Kila kitu mwilini mwangu kilisema achia. "Bado," wifi akasema. "Bado… bado… sasa!" Nikaachia, nikadaka upande wa pili, nikavuta kwa mgongo mzima. Tukawa tunakimbia tena, kwa mshazari mwingine.

Hapo ndipo nilipolielewa lile swali lake la mezani. Lini uliniambia achia? Hakuwahi kumwambia. Miaka yote ile Nahodha alisukuma usukani wake, chombo kikageuka kama kimepakwa mafuta, akaamini ni mkono wake. Aliyekuwa akingoja, akishika, akihesabu pumzi, akaachia kwa wakati wake, alikuwa mzigo.

Karibu na boya vyombo vilisongamana. Viwili viligoma katikati ya upepo, na kimoja kilikuwa cha mwenyekiti. Alikuwa amesimama mzima mzima, kofia imeruka, anamfokea mpwa wake aliyekuwa ameachia mapema. Tulipita karibu kiasi kwamba niliona pamba aliyotia masikioni.

"Shemeji!" wifi akamwita. "Ya ndani malizeni ndani!"

Tulilizunguka boya tukiwa na vyombo viwili tu mbele yetu. Nilianza kufikiria kikombe nitakiweka wapi pale dukani, juu ya friji ama karibu na mizani. Ndipo nikasikia mlio, pwa! Nikaanguka chali juu ya turubai, kamba imelegea mikononi mwangu. Imekatika kule juu, kwenye kona ya tanga, mahali ilipokuwa ikisuguana na chuma. Tanga dogo likaanza kujipiga kwa nguvu, chombo kizima kikitetemeka. Mmoja mmoja, wale tuliowapita wakatupita. Mwenyekiti naye akafika, ameshalowa chapachapa.

"Niwaitie boti ya kuwavuta?" akapaza sauti.

"Thubutu!" wifi akajibu.

Akaielekeza pua kwenye upepo, chombo kikapunguza mwendo. "Wifi, nenda mbele. Kamba ni moja, upande wa pili una ziada. Ivute ije, uifunge upya."

"Nifunge fundo gani?"

"Unalolijua!"

Nilikwenda kwa tumbo, kama mjusi, unene wangu wote ukiwa ndani ya jaketi la kuelea. Maji yalinipiga usoni, nami nikaelewa kwa ngozi yangu maana ya kukaa mbele. Tanga lilinichapa kushoto na kulia. Nikalidaka, nikalikumbatia kifuani kama mtoto mwenye kiherehere, nikavua glovu kwa meno, nikavuta ile ziada, nikaipitisha, nikafunga fundo la gunia la unga, ambalo nimelifunga tangu nikiwa msichana na halijawahi kunifungukia. Nikarudi kinyumenyume.

"Vuta!" akasema wifi.

Nikavuta. Likashika.

Hatukushinda. Tulimaliza tukiwa karibu na mkia, tukiwa na kamba yenye upande mmoja mfupi kuliko mwingine, na viganja vyangu vimechubuka kwa sababu glovu zote mbili zilikwenda na maji. Lakini tulimaliza kwa tanga letu, hatukuvutwa na mtu. Tulipogusa mchanga, wifi aliruka, akashika pua ya chombo, akainua kidevu, akawatazama wote waliosimama pale, mmoja baada ya mwingine, kama anayewauliza kama kuna mwenye neno. Hakuwepo.

Nahodha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na maji, demani za bluu mapajani. Nilijua hakuondoka. Alimngoja mkewe amalize kushusha matanga. Hakumpa pole wala hongera.

"Pale kwenye boya," akasema, "mligeuka mara tatu bila kukwama hata mara moja."

"Ndiyo."

"Mlikuwa mnaachia wakati gani?"

Wifi alikuwa anakamua nywele zake. "Miaka yote hiyo ulidhani kinageuka chenyewe?"

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Akasema, kwa sauti ndogo niliyomsikia nayo mara ya mwisho tukiwa watoto, "Niliogopa kwamba kikienda bila mimi, kitaendelea kwenda bila mimi." Wifi hakumbembeleza. Alimpa upande mmoja wa tanga, akamwambia ashike wakunje.

Goti lilipona. Siku ya kwanza daktari alipomruhusu, Nahodha alifika ufukweni amechangamka, akaenda moja kwa moja nyuma kwenye usukani, na akamkuta mkewe ameshakaa hapo.

"Nafasi iko mbele," wifi akamwambia. "Ukitaka."

Hakutaka. Akaona heri kwenda kumshikia mwenyekiti kamba za mbele kuliko kumshikia mkewe. Basi kwa majuma kadhaa nilimwona mdogo wangu akifokewa na mwenyekiti, "Vuta! Achia! Nimesema achia!", maji yakimpiga usoni kwanza, akirudi nyumbani na viganja vyekundu. Wifi alimpaka dawa, hakumuuliza neno. Na sisi wawili tuliendelea. Alinunua demani mpya, za kijani, mimi nikajifunza kufunga na kufungua kila kapi gizani.

Asubuhi moja Nahodha akaja kiwandani kwangu. Akasimama karibu na tanuri, anagusa gusa trei.

"Dada, nikiomba nafasi yako pale mbele, utakasirika?"

"Usiniombe mimi," nikamwambia. "Muombe mwenye chombo."

Akaenda akamuomba. Wifi alimjibu kwamba atafikiria. Na alifikiria kweli, wala hakuharakisha, mdogo wangu akizunguka nyumba akiosha vyombo vya jikoni ambavyo havijachafuka.

Siku walipotoka pamoja nilikuwa nimesimama ufukweni na mfuko wa maandazi. Yeye mbele, wifi nyuma. Walipofika mbali kidogo wakageuza, na kugeuka kwenyewe hakukuwa kubaya, ingawa kidogo aliwahi kuachia. Nilitegemea nitaona raha kupumzika. Badala yake mikono ilinicheza, haina cha kushika, na wivu ukanipanda.

Mwenyekiti alikuwa pembeni yangu, anapanga kamba zake, hana mtu wa mbele.

"Mwenyekiti," nikamwita. "Chombo chako kina nafasi?"

Akanitazama kuanzia kichwani, akaanza kuteremka.

"Usipoteze muda kunipima," nikamwambia, nikavua viatu. "Sukuma upande wako."